DNA ya mifupa ya pwani: je, kipimo cha mate kitamaliza ubishi wa Ushirazi?

"Shikamoo mtaalamu. Kwetu ni Tumbatu, Zanzibar, na tangu tunapata akili tunaambiwa sisi ni Washirazi, yaani asili yetu ni watu wa Shiraz huko Uajemi (Iran). Mwezi uliopita kaka yangu aliyeko Muscat karusha kwenye grupu la ukoo habari kwamba mifupa ya kale ya pwani imepimwa DNA ikakutwa ni ya Waajemi, chini akaandika 'mmeona sasa?'. Binamu yetu wa Mombasa akamjibu kwamba huo ni ukoloni umerudi kwa mlango wa uani, Waswahili ni Waafrika asilimia mia na Ushirazi ulibuniwa tu enzi za wakoloni ili watu wasihesabiwe wenyeji. Maneno yakawa makali mpaka shangazi akajitoa kwenye grupu. Mimi nataka kuagiza kile kipimo cha mate cha dola mia hivi nimalize ubishi. Kitaonesha kweli kama sisi ni Washirazi? Na huo utafiti unasemaje hasa, kaka yangu kausoma au kachukua kichwa cha habari tu?"

Marahaba, na poleni na hilo grupu. Nianze na jibu fupi usije ukalipa kabla hujamaliza kusoma: kipimo cha mate hakitakuambia kama nyie ni Washirazi. Utafiti wenyewe kaka yako kashika nusu yake na binamu yako kashika nusu nyingine, na nusu zote mbili zina ukweli ndani yake, ndo maana hawamalizani.

Utafiti anaousema ulitoka Machi 2023 kwenye jarida la sayansi la Nature. Walipima watu 80, wengi wao wamezikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 kwenye miji sita ya pwani, yaani Mtwapa, Manda na Faza upande wa Kenya, halafu Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania, na wakaongeza mji mmoja wa mbali na pwani, Makwasinyi huko Kenya, wa baada ya 1650, ili wapate cha kulinganishia. Sasa angalia hiyo orodha vizuri. Unguja haimo, Pemba haimo na Tumbatu haimo. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye matokeo, anayesema "wametupima sisi" kwenye grupu lenu, hamjapimwa nyie, wamepimwa majirani zenu wa kaskazini na wa kusini.

Walichokuta ni hiki. Kwa wengi wa hao watu wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya DNA yao ni ya Kiafrika na imepitia zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, na kwa baadhi yao inavuka nusu, imetoka Asia, na ndani ya hiyo ya Asia asilimia 80 mpaka 90 imetoka kwa wanaume wa Kiajemi, nyingine ina alama za India. Mchanganyiko ulikuwa umeshaanza kufikia mwaka 1000 hivi, wakati uleule Uislamu unaenea kwa upana pwani. Kabla ya 1500 hivi asili ya Mashariki ya Kati inayoonekana ni ya Kiajemi zaidi, baada ya hapo ya Kiarabu inaanza kupanda, na hilo halishangazi ukijua mahusiano ya pwani na Hadhramaut (Yemen) na baadaye Oman yalivyokuwa.

Kwa hiyo ile si mifupa ya Waajemi kama kaka yako alivyoandika. Ni mifupa ya watu waliozaliwa hapahapa, mama zao na bibi zao wa hapahapa, na huko nyuma kwenye ukoo kuna akina baba waliokuja na jahazi. Lakini binamu naye hawezi kusema "asilimia mia" mbele ya hizo namba, na pia hawezi kusema ni propaganda ya wazungu, maana mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, Mkenya, mwanaakiolojia aliyechimba pwani miaka mingi na ambaye kwa miaka hiyohiyo alikuwa mstari wa mbele kupinga ile hadithi kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni. Mtu kama huyo akikuletea matokeo yenye Uajemi ndani, mimi namsikiliza.

Wanajuaje haya yote? Hapa ngoja nikae kidogo, kwa sababu ukielewa hapa utaelewa pia kwa nini kile kipimo cha dola mia hakitakusaidia.

DNA kwenye joto letu inapatikana kwa tabu sana. Joto na unyevu vinaikatakata, ndiyo maana kazi hizi zilianzia zaidi nchi za baridi. Kilichobadilisha mambo ni pale wataalamu walipogundua kwamba kuna mfupa mmoja wa fuvu, ule mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao unatunza DNA kuliko karibu mfupa wowote mwingine, basi wanachukua huo au jino, wanatoboa wanapata unga kidogo sana, wanauloweka kwenye dawa, na DNA inatoka ikiwa vipande vifupivifupi vimechakaa. Huo uchakavu wenyewe ndo cheti. DNA inasomwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na kwenye vipande vya kale zile C za kwenye ncha huwa zimeharibika kiasi kwamba mashine inazisoma kama T. Ukiona alama hiyo imejaa unajua hii ni ya marehemu, usipoiona unaanza kushuku ni ya mchimbaji aliyepiga chafya juu ya mfupa.

Wakishapata vipande wanaangalia njia tatu. Kuna DNA ya mitokondria, hiyo inatoka kwa mama tu, mama wa mama, kwenda juu mpaka huko. Kuna kromosomu Y, hiyo baba anampa mtoto wa kiume tu. Halafu kuna iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi, na hiyo inatoka pande zote imechanganywa. Kwenye makaburi ya pwani zile za kike karibu zote zilionekana za Kiafrika na za kiume nyingi zikaonekana za Mashariki ya Kati, hapo ndipo wakajua nani alikuja na nani alikuwepo.

Na mwaka 1000 wameupataje wakati hakuna hata mfupa mmoja wa mwaka 1000? Kwa urefu wa vipande. Chukua karata nyekundu zote na nyeusi zote, ziweke rundo mbili, zichanganye mara moja, utakuta bado kuna mafungu marefu ya rangi moja, zichanganye mara thelathini mafungu yanakuwa mafupi kabisa. DNA ya watu wawili wa asili tofauti inafanya vivyo hivyo kila kizazi, kwa hiyo ukipima mafungu yana urefu gani unapata makadirio ya vizazi vilivyopita tangu mchanganyiko uanze. Ni makadirio na ni wastani, si cheti cha ndoa chenye tarehe, hilo lishike.

Sasa tuingie kwenye kosa kubwa la kaka yako, ambalo wengi wanalifanya: kuchukua nasaba ya mtu na kuifanya asili ya mji. Shanga, mji wa kale pale kisiwa cha Pate huko Lamu, ilichimbwa na mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980, na ukishuka chini tabaka kwa tabaka unafika karne ya 8 unakuta nyumba za miti na udongo, unakuta msikiti mdogo wa miti chini ya misikiti ya baadaye ya mawe iliyojengwa palepale juu yake, unakuta na visarafu vidogo vya fedha vilivyopigwa hukuhuku vina majina ya Kiislamu. Unguja Ukuu nako watu walishakuwa wanafanya biashara ya bahari karne ya 7. Vyungu unavyookota kwenye miji hii ya mwanzo karibu vyote ni vya wenyeji, jamii ileile ya vyungu vya bara, na vile vya kung'aa vya rangi ya feruzi kutoka Ghuba ya Uajemi ni asilimia chache tu. Yaani mji upo, lugha ya Kibantu ipo, jahazi zinaingia, msikiti upo, na huo mchanganyiko mkubwa wa damu kwa makadirio unakuja kushika kasi baadaye. Wageni waliingia kwenye mji ambao tayari una wenyewe.

Na hili linaendana na hadithi ya Kilwa kuliko watu wanavyodhani. Ile tarikhi ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za watawala wake, ipo kwenye maandishi ya Kiarabu ya karne ya 16 (nakala iliyopo London ilinakiliwa hapo Unguja mwaka 1877) na toleo jingine liko kwa Mreno João de Barros aliyelichapisha 1552. Inasema mwana wa mfalme wa Shiraz alikuja na merikebu, akakuta Kilwa ina mwenyewe, akanunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Toleo la Barros linaongeza kwamba mama yake Ali, ndiye huyo mwana wa mfalme, alikuwa mtumwa wa Kihabeshi na ndugu zake walikuwa wanamdharau kwa hilo. Masimulizi ya Kilwa yenyewe yanamtaja mwenye mji, mzee Mrimba, na kwamba mgeni alimuoa binti yake na mtoto wa huyo binti ndiye akaja kutawala. Baba wa kuja, mama mwenye kwao. Lisemwalo lipo, na safari hii maabara imekubaliana na wazee. Hapohapo niseme, DNA haiwezi kukuambia kama baba huyo alitoka mji wa Shiraz au bandari ya Siraf au kijiji chochote cha pwani ya Uajemi, inasema tu anafanana na watu wa upande huo. Na zile merikebu saba za kwenye hadithi, zije siku moja, sizioni, naona wafanyabiashara wa miaka mingi wanaokuja na kaskazi, wengine wanabaki.

Kwa hiyo binamu aliposema Ushirazi ulibuniwa enzi za wakoloni, kwa tarehe hapo kateleza. Hadithi ilishaandikwa karne tatu na zaidi kabla Waingereza hawajashika Zanzibar. Upande wenu kuna maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) kwenye kibla ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani yenye mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107, na mtindo wake wa kuchonga unafanana sana na wa Siraf. Na Mtambwe Mkuu kule Pemba mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za karne ya 11, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan, jina lilelile la kwenye tarikhi.

Ila kuna kitu binamu anakinusa na yuko sahihi kukinusa. Wakoloni waliichukua hadithi hiyo wakaitumia kusema Mwafrika hawezi kujenga jiwe juu ya jiwe, na wakaweka sheria ambapo kuwa "mwenyeji" au "asiye mwenyeji" kuliamua unalipa kodi ipi na unashtakiwa mahakama ipi, sasa mtu wa pwani ya Kenya afanye nini, si atasema yeye wa Uajemi! Zanzibar nako jina hilo likaingia kwenye vyama, jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi zikaungana 1957 ikazaliwa Afro-Shirazi Party, ambayo 1977 iliungana na TANU ikawa CCM. Mtumbatu aliyejiita Mshirazi miaka ya 1950 alikuwa anasema jambo la siasa la wakati wake, mara nyingi kwamba yeye ni mwenye nchi, si mtu wa kuja. Huwezi kulipima hilo kwa mate.

Jambo moja jingine ambalo vichwa vya habari vililiruka: waliopimwa wengi ni wale waliozikwa karibu na misikiti na kwenye makaburi ya mawe, hasa Mtwapa. Hao walikuwa ni watu wenye uwezo. Mvuvi, mkulima wa mashamba ya nyuma ya mji na mtumwa hawakuzikwa pale. Kwa hiyo zile asilimia ni za wenye majumba, usizibebe ukazipa pwani nzima. Na watafiti wenyewe wamesema watu wa pwani wa leo wameendelea kuchanganyika na Waafrika na Waasia wengine baada ya hapo, hawako sawa na wale wa makaburini.

Haya, kile kipimo. Kampuni inachukua mate yako inalinganisha na watu wa leo waliomo kwenye data zake, na wateja wake wengi ni wa Marekani na Ulaya, wa pwani yetu ni wachache mno. Kwa hiyo unaweza kuletewa "Kenya ya kusini" au "Msumbiji" kwa sababu tu hao ndo walikuwepo wa kukulinganisha nao. Tuseme ikaja na asilimia kadhaa za Uajemi. Hujui ni za mwaka 1100 au za bibi wa bibi aliyeolewa na Mbulushi karne ya 19. Tuseme ikaja sifuri, nayo haisemi kitu, kwa sababu vizazi kumi tu nyuma una nafasi 1,024 za mababu na mabibi na wengi wao hawajakuachia hata kipande kimoja cha DNA ingawa ni mababu zako halali. Mwaka 1000 uko vizazi kama 35 nyuma. Wewe na kaka yako wa baba mmoja mama mmoja mnaweza kupata asilimia tofauti, mkaanzisha ubishi mpya. Na kama wewe ni mwanamke huna kromosomu Y kabisa, kwa hiyo ile njia ya baba ambayo hadithi nzima imekaa juu yake haitaonekana, itabidi apime baba yako au kaka yako.

Halafu kuna upande wa biashara ambao watu hawauangalii mpaka yawafike. Kit, yaani kile kifurushi cha kipimo, inauzwa bei rahisi kwa sababu thamani iko kwenye data. Kampuni ya vipimo hivi ya 23andMe mwaka 2018 iliwekewa dola milioni 300 na kampuni ya dawa ya GSK, mwaka 2023 wadukuzi wakachukua taarifa za wateja karibu milioni 7, na Machi 2025 ikaomba kufilisika mahakamani huku ina DNA za watu zaidi ya milioni 15, mwanasheria mkuu wa California akawa anawaambia watu nendeni mkafute data zenu. Mwishoni ikanunuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi ya mwanzilishi wake mwenyewe. Neno la siri ukiibiwa unabadilisha, DNA hubadilishi, na ukitoa yako umetoa na sehemu ya DNA ya ndugu zako ambao hawajakubali.

Nisiwe mkali sana, sababu nzuri za kupima zipo. Kuna mtu anatafuta ndugu waliopotezana, kuna mwingine anataka kujua tu na pesa anayo. Ukiamua kwenda huko, ongea kwanza na wazazi, maana vipimo hivi hufichua ndugu wa kambo na baba asiye baba, na hilo likishatokea kwenye simu huwezi kulirudisha. Kataa kile kipengele cha kuruhusu utafiti kama hujakielewa, na ukishapata matokeo uliza namna ya kufuta sampo. Kama wasiwasi wako ni wa afya, mfano selimundu au thalasemia (magonjwa ya damu ya kurithi) kwenye ukoo, achana na kit ya posta, nenda hospitali upimwe damu ukae na daktari akueleze kabla hujaoa au kuolewa. Na kama ni mirathi au ubaba, matokeo ya mtandaoni hayana nguvu, Tanzania Bara vinasaba vya kisheria vinapitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2009, na Zanzibar anzia kwa kadhi au mahakama wakuelekeze.

Kwa Ushirazi wenu, hiyo dola mia ingelipa nauli. Nenda Tumbatu ukae na wazee, kwa kila jina la babu uulize na mke wake alikuwa nani, kwao wapi, nyumba iliachwa kwa nani, maana upande wa wanawake ndo unaosahauliwa kwanza na ndo huo makaburi ya Mtwapa yameonesha una uzito. Rekodi kwa simu, ila waombe ruhusa. Kisha pita Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, uulizie hati za wakfu na kesi za makadhi zenye majina uliyopewa. Nenda na majina yameandikwa vizuri na miaka ya kukisia, na ukiweza yaandike pia kwa herufi za Kiarabu, maana bila hayo wahudumu wa pale watakuwa wanapapasa gizani pamoja na wewe.